Kauli ya kutendwa kwa Kiingereza: namna ya kuiunda bila kuandika "I was stolen my phone"

Kila darasa jipya likianza, maswali ni yale yale. "Mwalimu, hiyo 'by' ni lazima?" "Mwalimu, hapa 'is' na 'being' zimekaa pamoja, mbona ziko mbili?" "Mwalimu, nimeandika 'I was stolen my phone', nimekatwa maksi, kosa liko wapi?" Nimejibu mpaka nimeona heri niandike mara moja, atakayeuliza kesho nimpe asome.

Jambo moja nilitangulize. Kauli ya kutendwa si ngeni kwako. Umeitumia tangu hujaanza shule: chakula kimeliwa, mtoto amepigwa, nyumba inajengwa. Ile -w- ndogo karibu na mwisho wa kitenzi ndiyo yenyewe. Tatizo ninaloliona ni kwamba -w- yetu ina nguvu kuliko kauli ya kutendwa ya Kiingereza. Inafika mahali ambapo Kiingereza hakifiki, na mwanafunzi anataka kuihamisha jinsi ilivyo. Kwa hiyo nitakupa hatua za kuunda sentensi, kisha nitakaa zaidi pale Kiswahili kinapotuponza.

Kabla ya kuanza

Uwe na vitu hivi:

- Jedwali la vitenzi la safu tatu, lile la "go, went, gone" tuliloimbishwa darasani. Lipo nyuma ya kamusi nyingi za wanafunzi. Hapa tunahitaji safu ya tatu tu, na nitaiita umbo la tatu. Kwenye vitabu vya shule utaikuta kwa jina "past participle".
- Maumbo manane ya kitenzi "be": am, is, are, was, were, be, being, been. Yakariri leo, maana bila hayo hakuna hatua itakayokwenda.
- Uwezo wa kutambua kiima, kitenzi na yambwa. Katika "Juma amevunja kikombe", Juma ni kiima, amevunja ni kitenzi, kikombe ni yambwa. Wengine huiita shamirisho, kitu ni kile kile.
- Daftari. Somo hili halisomeki kwa macho tu, sharti mkono uandike.

Hatua ya 1: Tafuta yambwa. Ikikosekana, ishia hapo.

Chukua sentensi "The Portuguese built Fort Jesus". Walijenga nini? Fort Jesus. Yambwa ipo, endelea.

Sasa chukua "The accident happened at night". Ajali ilitokea nini? Swali lenyewe halina maana. Hakuna yambwa, hivyo hakuna kauli ya kutendwa. Vitenzi vya kundi hili ni kama happen, occur, arrive, come, go, die, sleep, fall, disappear. Andika kwa wino mwekundu: "The accident was happened" ni kosa. Nimelikuta hata kwenye barua za watu wenye shahada mbili.

Kuna vichache vyenye yambwa ambavyo navyo vinakataa: have, cost, lack, resemble, fit. "I have a car" haigeuki kuwa "A car is had by me". Hakuna Mwingereza atakayekuelewa, na atakayekuelewa atacheka.

Hatua ya 2: Ilete yambwa mbele.

Fort Jesus inakaa mwanzoni na kuwa kiima kipya. Angalia viwakilishi. Kiswahili kina "yeye" mmoja, popote atakapokaa. Kiingereza kinabadilisha: me inakuwa I, him inakuwa he, her inakuwa she, us inakuwa we, them inakuwa they. "The police arrested him" inatoa "He was arrested". Ukiandika "Him was arrested" umehamisha neno ukasahau kulivisha nguo mpya.

Hatua ya 3: Weka "be" katika wakati wa sentensi ya awali.

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usipapite mbio. Tazama gari moja likioshwa kwa nyakati tofauti:

- Gari huoshwa kila siku: The car is washed every day.
- Gari linaoshwa sasa hivi: The car is being washed now.
- Gari limeoshwa: The car has been washed.
- Gari lilioshwa jana: The car was washed yesterday.
- Gari lilikuwa linaoshwa mvua ilipoanza: The car was being washed when the rain started.
- Gari lilikuwa limeshaoshwa tulipofika: The car had already been washed when we arrived.
- Gari litaoshwa kesho: The car will be washed tomorrow.
- Gari linaweza kuoshwa: The car can be washed.
- Gari lazima lioshwe: The car must be washed.

Pitisha kidole upande wa Kiingereza. Neno "washed" halijasogea hata mara moja. Kinachobadilika ni "be" na wenzake. Sasa rudi upande wa Kiswahili: "oshwa" nayo imetulia karibu mahali pote, kinachobadilika ni -na-, -me-, -li-, -ta-. Kwa hiyo umbo la tatu ndilo "oshwa" yako, na "be" ndiyo -na-, -me-, -li-, -ta- yako. Mwanafunzi akilishika hili, nusu ya maswali yake yanakwisha palepale.

Kama "is being" inakukera, si wewe peke yako. Hadi karne ya 18 Waingereza wenyewe walisema "the house is building" wakimaanisha nyumba inajengwa. Umbo la "is being built" lilianza kushika kasi karibu na mwaka 1800, na kwa miongo mingi baadaye walikuwepo waliolipinga wakisema ni baya masikioni. Leo hakuna anayelistukia.

Tahadhari mbili kabla hatujasonga.

Ya kwanza ni being na been. Kwa matamshi yetu yanakaribiana, ndiyo maana watu huandika "The letter has being sent". Kanuni ni nyepesi: baada ya has, have au had ni been daima. Baada ya am, is, are, was au were ni being, na maana yake kitendo bado kinaendelea.

Ya pili ni umoja na wingi. "Be" inamtazama kiima mpya, haimtazami mtenda wa zamani. "The thief stole the goats" inatoa "The goats were stolen". Mwizi alikuwa mmoja, lakini sasa tunazungumzia mbuzi.

Utauliza kuhusu "will be being washed" na "has been being washed". Sarufi inaziruhusu, midomo ya watu haiziruhusu. Ziache.

Hatua ya 4: Fuatisha umbo la tatu.

Safu ya tatu, si ya pili. Kwa vitenzi vya -ed huwezi kukosea, kwa sababu safu hizo mbili zinafanana. Balaa liko kwa vile vinavyobadilika: written si wrote, stolen si stole, taken si took, given si gave, eaten si ate, broken si broke. Hicho cha mwisho kina kichekesho chake. "He was broke" ni Kiingereza safi, ila maana yake ni kwamba jamaa alikuwa hana hela. Ukiandika "The window was broke" umesema dirisha limefulia.

Cut, put, hit, hurt na read haviandikwi tofauti safu zote tatu. Read hubadilika kwenye sauti tu: safu ya pili na ya tatu hutamkwa kama ile rangi nyekundu, "red".

Hatua ya 5: Amua kama mtenda atajwe.

Mara nyingi hatajwi. "My phone was stolen" inatosha. Ukiongeza "by a thief" hujamwambia msomaji lolote, maana angeiba nani mwingine? Mtaje pale ambapo yeye ndiye habari: "Fort Jesus was built by the Portuguese between 1593 and 1596". Wareno wakiondoka hapo, sentensi imepoteza kitu.

Kiswahili hutumia "na" kwa mtenda na "kwa" kwa kifaa. Alipigwa na kaka yake, alipigwa kwa fimbo. Kiingereza hutumia "by" kwa mtenda na "with" kwa kifaa: "He was beaten by his brother", "He was beaten with a stick". Makosa hutokea pande zote mbili. Kuna aliyeandika "He was beaten and his brother" kwa sababu kamusi ilimwambia "na" ni "and". Akawa amewachapa wote wawili.

Kuna vitenzi vinavyotaka vihusishi vyao maalumu badala ya by: covered with mud, filled with water, known to everyone, interested in football, made of wood. Hivi havina kanuni ya kukuokoa, vikariri kadiri unavyokutana navyo.

Hatua ya 6: Kukanusha na kuuliza.

"Not" hukaa baada ya kitenzi kisaidizi cha kwanza: "The car has not been washed". Kwa swali, kisaidizi hicho cha kwanza hurukia mbele: "Has the car been washed?", "Was the car washed?", "Is the car being washed?" Usiilete "did". "Did the car washed?" hutokana na mazoea ya maswali mengine, na haina nafasi hapa.

Hatua ya 7: Ipitishe sentensi moja kwenye hatua zote.

"Somebody has stolen my neighbour's bicycle." Kimeibwa nini? My neighbour's bicycle, inakwenda mbele. Wakati ni upi? "Has stolen" ni -me- yetu, kwa hiyo "has been". Kiima kipya ni baiskeli moja, "has" inabaki. Umbo la tatu la steal ni stolen. Mtenda ni "somebody", hatusaidii kitu, tunamwacha. "My neighbour's bicycle has been stolen." Fanya hivi kwa sentensi kumi za kwako na mkono utazoea.

Pale Kiswahili kinapotuponza

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliibiwa simu kituoni, Ijumaa jioni. Jumatatu nikamwandikia bosi wangu, mgeni ambaye hakujua Kiswahili, kueleza kwa nini sikupokea simu zake mwisho wa wiki. Nikaandika kwa kujiamini kabisa: "I was stolen on Friday." Akajibu mstari mmoja: anafurahi kwamba walionichukua wamenirudisha. Sikuelewa utani huo hadi jioni, na nilipouelewa nilitamani ardhi ipasuke.

Kosa lilikuwa hili. Iba, ibia, ibiwa. Kiswahili kinampa aliyepata hasara nafasi ya kiima, na simu inabaki pembeni: nimeibiwa simu. Kitenzi "steal" hakina uwezo huo. Kinachokuwa "stolen" ni kile kilichochukuliwa, basi. Sema "My phone was stolen", au "I had my phone stolen". "I was robbed" nayo ni sahihi, lakini imekaa zaidi upande wa kunyang'anywa kwa nguvu au kwa vitisho. Ukiiandika polisi, jiandae kuulizwa walikuwa wangapi na walishika silaha gani.

Mtego huo huo umejificha kwenye vitenzi vingi tunavyovitumia kila siku.

Nimefiwa na baba. Usijaribu kutafuta "was died". Kiingereza kinamwacha marehemu awe kiima: "My father has died", au kwa upole zaidi "I have lost my father".

Nimenyeshewa. "I got rained on", au "I was caught in the rain". Si "I was rained".

Nimeambiwa. Hapa Kiingereza kinakubali, mradi utumie tell: "I was told". "Say" haipokei mtu: "I was said" haipo. Explain na suggest nazo haziruhusu mtu awe kiima kwa maana hiyo. Nimeelezwa kanuni ni "The rules were explained to me". Ukiandika "I was explained" umesema wewe ndiye uliyefafanuliwa, kama msamiati mgumu.

Nilizaliwa Tanga, au nimezaliwa Tanga, vyovyote usemavyo: "I was born in Tanga". Daima was au were, kwa sababu ulizaliwa mara moja na ikaisha. "I am born" na "I born" ziache zote.

Ameolewa na Juma. "She is married to Juma". Ukisema "She was married by Juma", msikilizaji anaweza kudhani Juma ndiye padri au sheikh aliyefungisha ndoa.

Kuna pia -w- ambazo si za kutendwa kabisa, zimekaa tu ndani ya neno. Nimechelewa ni "I am late", nimeelewa ni "I understand". Hakuna aliyekuchelewesha wala aliyekuelewa humo.

Halafu kuna ndugu yake -w-, yaani -ika. Kikombe kimevunjika na kikombe kimevunjwa si kitu kimoja, kila mama mwenye watoto anaijua tofauti hiyo. Mtoto husema kimevunjika, mama huuliza nani amekivunja. Kimevunjwa ni "The cup has been broken", kuna mkono wa mtu. Kimevunjika ni "The cup broke", kitenzi kitupu bila "be". Vivyo hivyo mlango umefunguka ni "The door opened", na umefunguliwa ni "The door has been opened". "The cup is broken" inaeleza hali tu, kikombe ni kibovu, bila kujali kilivunjikaje.

Na ukutani je? Umeona nyumba na viwanja vilivyoandikwa kwa rangi "Nyumba hii haiuzwi", ili matapeli wasije wakaiuza mwenyewe akiwa safarini. Ukitafsiri neno kwa neno unapata "This house is not sold", na mnunuzi atasoma kwamba bado haijapata mteja, akapiga hodi na pesa mkononi. Kiingereza cha ukutani ni "not for sale", wala hakina kauli ya kutendwa ndani yake.

Ya mtihani

Maswali ya kuandika upya sentensi kwa kufuata maelekezo hupenda vitu vitano ambavyo maishani hukutana navyo kwa nadra zaidi.

Kitenzi chenye yambwa mbili, mfano give, award, send, teach. Unaweza kuleta mbele yoyote: "Wangari Maathai was awarded the Nobel Peace Prize in 2004", au "The Nobel Peace Prize was awarded to Wangari Maathai in 2004". Kuanza na mtu huleta sentensi laini zaidi, na hapa Kiingereza kinafanana na sisi: alitunukiwa tuzo.

Make huongezewa "to": "They made him wait" inatoa "He was made to wait". Let haikubali vizuri, kwa hiyo badilisha kitenzi: "He was allowed to wait".

Kitenzi chenye kihusishi hakiachi mkia wake. "My aunt looked after the baby" inatoa "The baby was looked after by my aunt". "After" ikianguka, maana inaanguka nayo.

Amri: "Close the door" inatoa "Let the door be closed". Hakuna anayezungumza hivyo nyumbani kwake, lakini ukikutana nayo kwenye mtihani iandike hivyo na uchukue maksi zako.

Swali la "who": "Who wrote this letter?" inatoa "Who was this letter written by?" au "By whom was this letter written?" Ya pili imevaa tai.

Itumie wapi, uiache wapi

Itumie pale kitendo kinapomzidi mtenda kwa umuhimu: ripoti ya maabara, "The solution was heated for ten minutes". Tangazo, "Smoking is prohibited". Habari, "Two suspects were arrested". Ujumbe wa benki, "Your account has been credited". Hakuna anayejali ni kidole cha nani kilichobonyeza.

Hutumiwa pia kumficha mtenda kwa makusudi, na wanasiasa wanaijua kazi hiyo vizuri. Januari 1987, akihutubia Bunge la Marekani, Rais Ronald Reagan aligusia kashfa ya silaha zilizouzwa Iran na kusema "serious mistakes were made". Nani aliyafanya? Sentensi haisemi. Kwetu kazi hiyo huifanya -ika: makosa yalifanyika, fedha zilipotea.

Iache kwenye barua ya kuomba kazi. "A shop was managed by me for three years" inamfanya mwajiri ajiulize kama kweli ulikuwepo. Andika "I managed a shop for three years".

Ukikwama

Sentensi inasikika ya kuchekesha. "Ugali was eaten by me." Huenda hukukosea hatua yoyote, ila sentensi haikutakiwa kugeuzwa. Mtenda akiwa mimi au wewe, na hakuna sababu ya kumsogeza nyuma, mrudishe mbele.

Hujui uandike was au has been. Kiswahili hakikusaidii hapa, kwa sababu -me- yetu inavumilia tarehe: nimeibiwa jana, sawa tu. Kiingereza hakivumilii. Ukitaja wakati uliopita na kwisha, jana, juzi, mwaka 2019, tumia was au were. "My phone has been stolen yesterday" ni kosa, iandike "was stolen yesterday". Usipotaja wakati, "has been stolen" inafaa.

Umeona umbo la tatu bila "be". Kwenye vichwa vya habari gazetini "be" huachwa ili kubana nafasi: "Three arrested over stolen cattle". Katikati ya sentensi nako huweza kukosekana: "The man arrested yesterday is my cousin", yaani mtu aliyekamatwa jana. Si makosa ya uchapaji.

Umesikia "got" mahali pa "be". "He got fired", "we got robbed". Ni ya mazungumzo, ina ladha ya jambo lililomkuta mtu, hasa baya. Kwenye insha rasmi baki na "was".

Unachanganya bored na boring. Bored ni yule aliyechoshwa, boring ni yule anayewachosha wenzake. Ukimwambia mwalimu "I am boring" hujalalamikia somo, umejishtaki mwenyewe.

Zoezi

Funika majibu, andika kwanza.

1. Karafuu hulimwa Pemba.
2. Barabara yetu inatengenezwa.
3. Mizigo bado haijapakuliwa.
4. Mkutano uliahirishwa jana.
5. Nimeibiwa baiskeli.
6. Mlango umefunguka wenyewe.

Majibu:

1. Cloves are grown in Pemba.
2. Our road is being repaired.
3. The luggage has not been unloaded yet.
4. The meeting was postponed yesterday.
5. My bicycle has been stolen. Kama umeanza na "I was stolen", karibu kwenye chama, na usome tena kisa cha bosi wangu.
6. The door opened by itself. Bila "be", na hiyo "by" si ya mtenda.